Mbona Bumu Halikuwekewa Masharti?

Kuna msemo unaopendwa sana mjini: usimpe mtu samaki, mfundishe kuvua. Nimeusikia kwenye semina, kwenye mahubiri, kwenye daladala ya Mbagala, na karibu kila mara unatoka kinywani mwa mtu aliyekwisha kula. Zikitajwa tu hela ambazo TASAF inazilipa kaya maskini, lazima atokee mmoja audondoshe msemo huo mezani kana kwamba ameshinda kesi. Leo nataka tugombane na msemo huu, na pia na watu wanaoutumia.

Nenda Ukerewe au Mafia ukamfundishe mvuvi kuvua. Atakusikiliza kwa adabu, atakukaribisha chai, na ukishaondoka atacheka mpaka mbavu zimuume. Kuvua anajua. Asichonacho ni wavu mzima na mtumbwi usiovuja, na vitu hivyo havifundishwi, vinanunuliwa. Mkulima wa Chamwino naye hajakosa elimu ya mtama. Amekosa hela ya kula mwezi wa kumi na mbili, wakati mvua imeshanukia na ghala ni tupu. Kwa hiyo anaanza na kibarua kwenye shamba la mwenzake ili apate unga, na la kwake linapandwa kwa kuchelewa. Mwakani atavuna kidogo, atakosa chakula mapema zaidi, atarudi kwenye kibarua. Hapo semina ya kilimo bora itamsaidia nini? Mtu huyo anahitaji mwezi mmoja wa kula akiwa kwenye shamba lake mwenyewe. Hela kidogo inaununua mwezi huo.

Mimi riziki yangu ni maneno, kwa hiyo niruhusu niyaguse maneno yenyewe. Hela hizi kwa lugha ya ofisini zinaitwa "uhawilishaji fedha", neno ambalo sijawahi kulisikia kwa mtu anayezipokea. Wao husema tu "zimetoka". Mpokeaji anaitwa "mlengwa", kama vile amesimamishwa mbele ya mshale. Mpango ni wa "kunusuru", kama vile anazama. Na akivuka kiwango fulani anaambiwa "amehitimu", utadhani umaskini ni chuo na yeye alijaza fomu ya kujiunga. Msiniambie ni msamiati tu. Shabaha huwa haiulizwi inataka nini. Ukishamwita mtu mlengwa, umeshamwondolea nafasi ya kukujibu.

Sasa tuje kwetu sisi tuliosoma. Wengi wetu tulikula bumu. Serikali ilituingizia hela ya chakula na malazi tukiwa na miaka ishirini na, wengi wetu, bila akili ya kutosha ya kupanga bajeti. Tunajua zilikwenda wapi. Kuna walionunua simu, kuna waliokwenda mnadani, kuna waliokunywa wiki mbili na kushindia chai na andazi wiki sita. Sawa, ulikuwa mkopo na tunadaiwa. Lakini nani aliwahi kuja hosteli kukagua kama tulinunua maharage? Na tukishaajiriwa, kuna posho za vikao. Mtu anakaa hotelini siku tatu kujadili umaskini wa vijijini, anasaini, anaondoka na hela ambayo mama wa kijijini hataiona kwa miezi kadhaa. Hakuna anayemwambia alete kwanza kadi ya kliniki ya mtoto.

Mama wa kijijini ndiye anayeambiwa. Katika mpango wa kunusuru kaya maskini, uliozinduliwa mwaka 2012 na kufikia kaya zaidi ya milioni 1, kuna ruzuku ya msingi na kuna ruzuku ya masharti. Watoto wahudhurie shule, wadogo wapelekwe kliniki, la sivyo hela inakatwa. Katika awamu ya kwanza ruzuku ya msingi ilikuwa Sh 10,000 kwa mwezi. Piga hesabu: ni kama Sh 333 kwa siku, kwa nyumba nzima. Kwa kiasi hicho tunamwekea mtu mahudhurio!

Na hapo ndipo wanapotoa lile kubwa: "Watanywea pombe." Haya, tuliangalie bila hasira. David Evans na Anna Popova, wakati huo wachumi wa Benki ya Dunia, walikusanya tafiti 19 kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini kuhusu swali hili hili. Hawakukuta kwamba hela za namna hii zinaongeza matumizi ya pombe na sigara. Sehemu nyingine matumizi hayo yalipungua. Hapa kwetu jaribio la kwanza lilifanyika Bagamoyo, Kibaha na Chamwino, malipo yakaanza mwaka 2010. Walipopimwa baadaye, watu walikuwa wamefanya nini na hela? Wamewanunulia watoto viatu. Wamelipia bima ya afya. Wamenunua kuku na mbuzi. Jamani, hao ndio walevi wenu?

Lakini takwimu hazielezi kila kitu, hasa mabadiliko madogo ya siku hadi siku. Kijijini kwetu namjua mama mmoja, mjane, ambaye zamani alikuwa akipita nyuma ya nyumba za watu ili asipite mbele ya duka la Mangi. Alikuwa anadaiwa. Alipoanza kupokea hela, kilichobadilika kwanza hakikuwa chakula, kilikuwa njia. Akaanza kupita mbele. Mangi anajua hela zinatoka lini, kwa hiyo akamfungulia daftari: sukari robo, sabuni kipande, chumvi. Mtu aliyekuwa hakopesheki akawa anakopesheka. Baadaye akaingia kwenye kikoba cha akina mama, mahali ambapo huko nyuma asingethubutu hata kukaribishwa, kwa sababu asiye na cha kuweka kila wiki hana cha kusema kila wiki. Hela ilikuwa ndogo mno kumtoa kwenye umaskini, nakubali kabisa. Ila ilimrudisha mbele za watu.

Wanaotaka ushahidi mkubwa zaidi waende Siaya, Kenya. Huko shirika la GiveDirectly liligawa takriban dola 1,000 kwa kila kaya, kwa kaya zaidi ya 10,500, zikiwa kwenye simu zao. Wachumi walifuatilia vijiji 653, vilivyopata na visivyopata. Wakakuta kila dola iliyoingia ilizalisha takriban dola 2.5 kwenye uchumi wa eneo lile, kwa sababu aliyepata alinunua kwa fundi, fundi akanunua kwa muuza mahindi, hela ikazunguka. Bei zilipanda kwa kiasi kidogo sana, karibu asilimia 0.1 tu. Hata jirani ambaye hakupata kitu alifaidika.

Mwaka 2025 yakatoka matokeo mengine kutoka hapo hapo Siaya. Katika kaya zilizopata hela, vifo vya watoto wachanga wa chini ya mwaka mmoja vilipungua kwa karibu nusu. Sababu ni za kawaida kabisa. Wajawazito waliweza kupumzika na kazi ngumu miezi ya mwisho, na wengi zaidi wakajifungulia hospitali. Hakuna aliyewapa somo wala sharti. Na faida ilikuwa kubwa zaidi pale palipokuwa na kituo chenye daktari karibu. Hapo pia kuna funzo kwa upande wangu wa mjadala: hela haijengi zahanati. Serikali inayogawa hela huku zahanati haina dawa inampa mama nauli ya kwenda kwenye mlango uliofungwa.

Kwa sababu hiyo masharti hunikera zaidi. Mama huyu hajashindwa kwenda kliniki kwa kuwa hampendi mtoto wake. Kliniki iko mbali, mvua imekata barabara, na siku hiyo ndiyo siku ya palizi. Ukimkata hela kwa kutofika, umemwadhibu kwa barabara ambayo wewe ndiye hukuijenga.

Kuna hoja za upande wa pili ambazo si za kudharau. Kaya hewa zilikuwepo: watu wasiostahili waliandikwa, jamaa za viongozi wakaingia kwenye orodha, wenye haki wakaachwa. Ni kweli, na ni wizi. Lakini aliyeandika majina hewa si yule bibi mwenye mbuzi wawili. Mishahara nayo iliwahi kuwa na watumishi hewa, na hakuna aliyependekeza kufuta mishahara. Tulisema safisheni orodha. Basi safisheni na hii: ibandikwe kwenye ubao wa kijiji, isomwe kwenye mkutano, watu wapinge majina hadharani.

Wengine wanasema hela za bure zitawafanya watu wavivu. Kenya kuna jaribio jingine ambalo watu wazima wa vijiji kadhaa wanalipwa kila mwezi, kwa hesabu ya senti 75 za dola kwa siku, na wengine wameahidiwa miaka 12. Watafiti hawakuona watu wakiacha kazi. Walichoona ni watu kuhama kutoka vibarua na kuanzisha shughuli zao. Wapo waliounda vyama vya kuchangishana ili malipo madogo yageuke fungu kubwa la kununulia kitu cha maana. Mvivu gani huyo anayejipangia mchango?

Na kuna wanaosema hela zenyewe ni za mkopo, kwa nini taifa likope ili ligawe? Sijui kwa nini swali hili halijitokezi tunapokopa kwa ajili ya barabara za juu. Isitoshe, huyu mama si mgeni kwenye hazina ya nchi. Akinunua kipande cha sabuni analipa VAT ya asilimia 18 sawa na bilionea. Tozo za miamala zilipoletwa mwaka 2021, aliyetumiwa elfu tano na mwanawe wa mjini alikatwa naye. Amekuwa akichangia maisha yake yote. Kinachorudi kwake kila baada ya miezi miwili kisiitwe fadhila.

Kwa hiyo ninachodai ni rahisi kukitaja. Hela zitoke kwa tarehe inayojulikana, kwa sababu daftari la Mangi halielewi "mchakato unaendelea". Ziongezwe bei zinapopanda. Masharti yafutwe, na nguvu inayotumika kuhesabu mahudhurio ihamie kwenye dawa na walimu. Wapokeaji wakae kwenye meza inayopanga viwango, waulizwe, wabishe. Nasi tuliosoma kwa hela za umma tuache kumpekua mfukoni mtu anayeishi kwa Sh 333. Kama kweli tuna hamu ya kukagua matumizi, vikao ni vingi na karatasi za posho zimesainiwa. Tuanzie huko.