Ujuzi wa Samaki Usiishie Sagana

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walinena wahenga. Nami nauliza, ndugu msomaji: mgeni alikuja Sagana, mbona nyanya yangu kule Runyenjes hajapona?

Wacha nieleze. Kituo cha samaki cha Sagana, hapo tu Kirinyaga, kilianzishwa mwaka wa 1948. Mnamo 1997 wataalamu wa Marekani, wakiwemo wa vyuo vikuu vya Oregon State na Auburn, walianza utafiti hapo pamoja na wenzao Wakenya. Walipima mbolea, chakula na idadi ya samaki bwawani, wakawafunza maafisa na wakulima. Mwaka wa 2007 kukatoka kitabu cha mwongozo wa ufugaji wa samaki nchini, waandishi wakiwa Charles Ngugi, James Bowman na Bethuel Omolo. Huo ndio ushirikiano ninaoupenda mimi: watu wa nchi mbili kuingia matopeni pamoja, si kupeana mikono mbele ya kamera tu.

Sasa, nyanya. Alichimbisha bwawa chini ya shamba la kahawa, akanunua vifaranga vya tilapia, dume na jike pamoja. Tulimcheka, maana sisi watu wa mlimani samaki hatukuwazoea. Baada ya miezi minane tukavuta wavu. Lo! Samaki tele, lakini wote kama kidole. Tilapia huzaa mapema mno. Wakijazana chakula hakiwatoshi, wanadumaa. Hakuuza hata mmoja, na pesa hizo zilikuwa karo ya ndugu yangu.

Dawa yake inajulikana: fuga madume peke yao, ama tia kambare wawale watoto. Lakini kitabu ni cha Kiingereza, na nyanya husoma Kiswahili cha Biblia tu.

Mtasema hiyo ni kazi ya serikali. Sikatai. Mpango wake ulioanza 2009 ulikusudia mabwawa 200 katika kila moja ya maeneo bunge 140, na mengi yaliachwa baadaye. Bwawa huchimbwa kwa wiki mbili, ujuzi je?

Basi naelekea kwa chama chetu. Kila muhula tunashindana kwa methali na mashairi. Vizuri. Muhula ujao tuchukue habari za tilapia, tuzieleze kwa Kiswahili chepesi, mwalimu wa bayolojia asahihishe, kisha kila mmoja abebe nakala akienda likizo. Yangu najua nitampelekea nani. Bwawa lake bado lina maji.