Anayeshika Taslimu Si Mshamba

Ipo hoja kwamba anayetembea na noti siku hizi ni mshamba. Fedha zote zikae kwenye simu. Hoja hiyo inawaonea watu.

Mchuuzi wa samaki pale Feri, Dar es Salaam, huingia mnadani alfajiri. Dalali anataka hela papo hapo. Mtandao ukiyumba, au wakala akisema "sina keshi", ndoo ya samaki inakwenda kwa mwingine na siku yake imeharibika. Kutoa nako kuna makato. Tozo ya miamala ya simu ilipoanza Julai 2021, waliorudi kwenye taslimu walipiga hesabu, hawakuwa wajinga.

Nakubali jambo moja: kulundika noti chini ya godoro ni hatari. Benki Kuu ya Tanzania ilitoa muda wa Januari 6 hadi Aprili 5, 2025 kubadilisha noti za zamani. Aliyezisahau kwenye kibubu alipata hasara. Lakini simu nayo huibiwa, na tapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" hahitaji kuvunja mlango.

Basi gawanya. Mtaji wa kesho ufunge kwenye pindo la kanga, mbali na chenji. Matumizi ya wiki yakae kwenye simu, na namba ya siri usimpe hata wakala. Akiba ipeleke benki au kikoba.

Anayetaka noti zife aanze kwa kupigania makato yafutwe.