Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya Zanzibar: nani analinda siri za wagonjwa?

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar.



Nakuandikia kuhusu taarifa za wagonjwa zilizomo kwenye kompyuta na simu za huduma ya afya. Kazi iliyokwisha fanyika ni kubwa na inastahili shukrani. Kupitia mpango wa Jamii ni Afya, wahudumu wa kujitolea zaidi ya 2,000 hupita nyumba kwa nyumba Unguja na Pemba, simu mkononi, wakiandikisha wajawazito na watoto wachanga. Lakini faili la kabatini lilimtaka mwizi aje mwenyewe hospitali ya Mnazi Mmoja usiku. Lililoingizwa kwenye mtandao linaweza kuibwa na mtu asiyejua hata Unguja iko wapi.

Na kisiwa chetu ni kidogo. Habari ya mtu ikitoka Malindi asubuhi, adhuhuri inazungumzwa barazani Jaws Corner, alasiri imeshafika Makunduchi. Mwanamke aliyepimwa VVU, kijana anayejinasua na dawa za kulevya, mke ambaye mimba zinamtoka: hawa humwambia daktari ukweli kwa kuamini kwamba utabaki pale pale. Imani hiyo ikiondoka watanyamaza, na daktari atatibu kwa kubahatisha. Nchini Finland, mwaka 2020, kumbukumbu za kituo cha tiba ya kisaikolojia cha Vastaamo zilizokuwa zimeibwa zilitumiwa kuwatisha wagonjwa mmoja mmoja: lipa, au uliyomwambia mtaalamu wako yatatangazwa. Nchi ile ina watu zaidi ya milioni tano. Kwetu huhitaji hata kutaja jina; mtaa na ukoo vinatosha.

Wapo wavamizi wasiojali siri, wanaotaka kazi isimame ili walipwe. Juni 2024 waliiingilia huduma ya taifa ya maabara ya Afrika Kusini. Mashine za kupimia zilikuwa nzima, ila majibu hayakupita kwenye mfumo kuwafikia madaktari. Ya dharura yakawa yanatolewa kwa simu. Linalonitia hofu zaidi ni kwamba wavamizi walifuta hata sehemu ya nakala za akiba. Mheshimiwa, nakala za akiba za hospitali zetu ziko wapi? Ipo hata moja iliyotengwa kabisa na mtandao? Na lini mara ya mwisho mtu alijaribu kuzirejesha akaona kweli zinasomeka?

Tunakumbuka giza la Disemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja ilipokosa umeme kwa karibu miezi mitatu. Kulikuwa na jenereta, na kulikuwa na karatasi. Leo mfumo ukizimwa siku moja tu, muuguzi wa hospitali ya Kivunge anapaswa kuwa na fomu tayari na kujua aanzie wapi. Zoezi hilo lifanywe kabla ya balaa, kama tunavyofanya mazoezi ya moto.

Mengine hayahitaji fedha nyingi. Kila mfanyakazi awe na neno lake la siri. Lile linalobandikwa ukutani watumie wote lipigwe marufuku. Majibu ya vipimo yasipitishwe kwenye WhatsApp ya simu binafsi. Kompyuta zisasishwe kwa wakati: uvamizi wa Mei 2017 ulioyumbisha hospitali za Uingereza ulipita kwenye tundu ambalo kiraka chake kilikuwa kimetolewa miezi miwili kabla.

Kubwa kuliko yote ni sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haigusi mambo ya Zanzibar yasiyo ya Muungano, na afya si ya Muungano. Dhamana ya kuziba pengo hilo iko kwako na kwa Baraza la Wawakilishi. Naomba mgonjwa awe na haki, iliyoandikwa, ya kuambiwa mapema taarifa zake zinapovuja. Najua taasisi huona haya kusema zimeibiwa. Lakini asiyeambiwa hawezi kujikinga na anayempigia simu kumtisha, na atakapokuja kujua kwa njia nyengine hatoiamini hospitali tena.

Bajeti ya Wizara itakaposomwa Barazani Chukwani, naomba fungu la kulinda mifumo lisomwe kwa jina lake na kiasi chake, lisimezwe ndani ya ununuzi wa kompyuta.

Wasalaam,
Mwananchi wa Mji Mkongwe, Unguja