Msuluhishi Akishaamua, Korti Ifuate Nini?

Hapa Usenge, wavuvi wawili wakigombania nyavu, kamati ya ufuo huketi, husikiza na kukata shauri. Kesho yake wote wamo majini. Mimi nami nimewahi kufunza kando ya kuta zisizo na paa, mwenye jengo na mwanakandarasi wakivutana juu ya malipo, kila mmoja na wakili wake.

Mikataba ya ujenzi aghalabu husema kwamba mzozo ukizuka utapelekwa kwa msuluhishi, wala si kortini. Mhandisi au mkadiriaji majenzi aliyebobea huifahamu saruji kuliko jaji. Ndiyo maana Sheria ya Usuluhishi ya 1995, katika kifungu cha 35, humpa aliyeshindwa miezi 3 tu kuiomba Mahakama Kuu itengue uamuzi, tena kwa sababu chache: mathalani hakuarifiwa ipasavyo, au msuluhishi alivuka mipaka ya yale aliyokabidhiwa. Kupima upya ushahidi si kazi ya jaji.

Mnamo Desemba 6, 2019, katika kesi ya Nyutu Agrovet dhidi ya Airtel, majaji wengi wa Mahakama ya Juu walisema kwamba uamuzi huo wa Mahakama Kuu waweza kukatiwa rufaa, ila kwa nadra mno. Wako waliolalamika kwamba mlango wa ucheleweshaji umefunguliwa. Nilikuwa miongoni mwao, hadi niliposoma kesi ya Synergy dhidi ya Cape Holdings, iliyohusu majumba ya ofisi jijini Nairobi. Msuluhishi aliamua 2015. Mahakama Kuu ikatengua 2016. Mahakama ya Rufaa ikakataa kusikiza. Mahakama ya Juu ikairudisha huko. Na 2020 uamuzi ule ule wa msuluhishi ukarejeshwa. Bila mlango huo, aliyeshinda angalitoka mikono mitupu.

Basi usifungwe. Lakini anayebisha na alipie kubisha kwake! Kifungu cha 37 tayari humruhusu jaji kumwamuru anayepinga uamuzi atoe dhamana. Naomba amri hiyo iwe ada, hasa palipo na shule au zahanati iliyokwama.

Darasa letu liliezekwa hatimaye. Wanafunzi walioahidiwa darasa hilo walikuwa wamekwisha kufanya mtihani wao wa mwisho, chini ya mwembe.