Shaka Yatosha: Wajibu wa Mnunuzi wa Kitu Kipya chenye Kasoro

Hivi karibuni nilipigiwa simu na rafiki niliyesoma naye stashahada ya ualimu. Siku hizi anaishi Texas, Marekani, ambako raia wengi humiliki silaha. Alikuwa amenunua bastola mpya, ile ya silinda inayozunguka. Siku ya kwanza alipokwenda kuijaribu kwenye uwanja wa shabaha, silinda ilikwama mara mbili, na risasi moja haikulipuka ingawa nyundo iliipiga.

"Labda risasi ndizo mbovu," aliniambia. "Labda ni mimi sijaizoea. Sina hakika, naona haya kuirudisha." Akataja njia mbili alizozifikiria: kumpa fundi wa mtaani aichonge kidogo, au kumuuzia mtu mwingine.

Nilimkataza zote mbili. Fundi akishaigusa, alama za kosa hufutika, na mtengenezaji hupata sababu ya kuikana dhamana yake. Akiiuza, hatakuwa ameiondoa hatari. Atakuwa ameihamishia nyumba nyingine, kwa mtu asiyejua lolote. Nilimshauri aache kuitumia, aitoe risasi zote, asiifungue. Aandike tarehe, aina ya risasi, nambari ya bastola na yote aliyoyaona, kisha ampelekee muuzaji na kiwanda kwa maandishi.

Nambari ile si pambo. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 kuhusu silaha ndogo, ambayo Rwanda ni miongoni mwa nchi zilizoitia saini, inataka kila silaha itiwe alama inapotengenezwa. Alama hiyo huwasaidia polisi kufuatilia silaha iliyopotea. Nambari ya kiwandani ina faida nyingine pia: kosa likibainika katika bastola moja, kiwanda kinaweza kuzitafuta nyingine zilizotengenezwa pamoja nayo.

Historia inaonyesha kwamba jambo hili si dogo. Bastola za kampuni ya Ruger za mtindo wa zamani, zilizotengenezwa kati ya 1953 na 1972, zingeweza kufyatuka zikianguka iwapo nyundo ililala juu ya tundu lenye risasi. Baadaye kampuni ilibuni kipuri cha kuzuia hatari hiyo, na ikawaita wenye bastola hizo wazirudishe ili zirekebishwe bila malipo. Lakini nani angeilazimisha kampuni inayokataa kufanya hivyo? Sheria ya Marekani ya mwaka 1972 iliyounda tume ya usalama wa bidhaa iliziacha silaha za moto nje ya mamlaka ya tume hiyo. Tume inaweza kuagiza bastola ya plastiki ya mtoto iondolewe madukani, lakini si bastola ya kweli. Ndiyo maana katika nchi ile sauti ya mnunuzi ina uzito mkubwa zaidi.

Hapa Kigali, wengi wetu hatutamiliki bastola maishani, na ni vyema. Lakini tunanunua majiko ya gesi, nyaya za umeme, kofia za pikipiki na dawa za watoto. Vitu hivi navyo huua.

Tukumbuke Aprili 2024. Maabara ya Nigeria ilitangaza kwamba imegundua kemikali yenye sumu katika toleo moja la dawa ya kikohozi ya watoto iitwayo Benylin. Mtengenezaji alisema vipimo vyake havikuiona sumu hiyo. Hata hivyo, mamlaka ya dawa ya Rwanda iliagiza toleo hilo liondolewe sokoni kwa tahadhari. Haikungoja mtoto wa Kigali adhurike ndipo ishawishike. Shaka yenye msingi ilitosha.

Basi kwa nini sisi tujidai hakika kamili kabla ya kusema? Kuthibitisha ni kazi ya mafundi na maabara. Kazi ya mnunuzi ni kueleza kwa ukweli alichokiona. Rwanda ina Sheria Na. 36/2012 ya kumlinda mlaji, na ina mamlaka ya ukaguzi, RICA, inayopokea malalamiko. Lakini mlalamikaji asiye na risiti huenda mikono mitupu. Risiti ya EBM tunayoikataa dukani kwa kuona inatuchelewesha ndiyo shahidi wetu wa kwanza.

Wafanyabiashara hujibu kwamba wanunuzi nao ni waongo: mtu huitumbukiza simu yake majini, kisha hudai kasoro ya kiwandani. Wana haki ya kulalamika. Kila anayesema uongo wa namna hiyo humnyima jirani yake kuaminiwa siku atakaposema kweli. Lakini dawa ya uongo ni uchunguzi, si lile tangazo la ukutani kwamba kilichouzwa hakirudishwi.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Kasoro ya kitu kipya nayo ni maradhi. Tofauti ni kwamba kifo chake chaweza kumfika mtu ambaye hakuficha chochote.

Rafiki yangu aliirudisha bastola. Hadi leo hajaambiwa iwapo kosa lilikuwa la kiwanda au la risasi. Hata ikibainika kwamba alikosea yeye, atakuwa amepoteza siku chache na nauli ya kifurushi tu.