Maji ya Paa la Shirika ni ya Nani?

Sifa njema zote ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu Waislamu, katika nyumba moja ya Mji Mkongwe wanamokaa familia saba, majirani wameacha kusalimiana kwa sababu ya tangi la maji. Mkaazi wa ghorofa ya juu aliliweka juu ya paa masika yaliyopita, akawa anakinga mvua kwa matumizi yake peke yake. Ukuta wa jirani wa chini ukaanza kuvuja. Kamati ya nyumba ikakaa, ikapiga marufuku mtu yeyote kukinga maji. Sasa mvua inamwagika uchochoroni, na watoto wa nyumba hiyo hiyo wanabeba ndoo kutoka mbali. Nimeulizwa baada ya darsa: nani mwenye haki? Kwa maoni yangu, wote wamekosea.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa watu ni washirika katika maji, na wanavyuoni wakabainisha kwamba mwenye kuyakinga katika chombo chake huyamiliki. Jamaa wa juu ameishika hukumu hii ya pili. Alilosahau ni kwamba paa si chombo chake. Ni la wakaazi wote, au, kama zilivyo nyumba nyingi za mjini, ni la wakfu. Isitoshe, lita 1,000 za maji ni tani moja nzima, naye ameitwika juu ya boriti za mikoko na kuta za mawe na chokaa. Sote twakumbuka sehemu ya Beit al-Ajaib ilivyoporomoka tarehe 25 Disemba 2020, wakafariki watu wawili. Sheria haimruhusu mtu kujinufaisha kwa kumdhuru mwenzake.

Lakini kamati nayo imezuia halali ya watu saba kwa kosa la mmoja. Imepokewa kuwa Sayyidna Umar (R.A.) aliamuru ung'olewe mlizamu wa nyumba ya Abbas (R.A.), uliokuwa ukiwamwagia maji wapita njia. Alipoambiwa kwamba Mtume (S.A.W.) ndiye aliyeuweka pale, alimtaka Abbas apande juu ya mgongo wake aurudishe. Khalifa wa Waislamu aliinama. Wajumbe wa kamati hawawezi kurejea katika uamuzi wao?

Tufanye hesabu. Paa la mita 10 kwa 10 likinyeshewa milimita 10 tu hutoa lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Hata yakimwagwa ya mwanzo yanayoosha vumbi na uchafu wa kunguru, kila familia itapata ndoo zake kadhaa za kufulia na kuoshea. Tangu Seyyid Barghash (1870–1888) auletee mji maji ya mabomba kutoka Chemchem, tumezoea kuitazama mvua kama adha. Umeme ulipokatika Unguja nzima Mei 2008 kwa karibu mwezi mmoja, na tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, tulihangaika na madumu.

Dawa ni tangi kuwekwa chini, uani, juu ya msingi madhubuti, mlizamu uteremshwe hadi hapo, na ufunguo ukae kwa watu wawili. Gharama zigawanywe kwa uwezo. Mjane asitozwe sawa na mwenye duka. Idhini iombwe Mamlaka ya Mji Mkongwe, na Kamisheni ya Wakfu ikiwa nyumba ni ya wakfu.

Na misikiti yetu je? Twachangishana kila Ijumaa fedha za umeme wa pampu ili watu wapate maji ya udhu, na huku mabati yetu yanamwaga barabarani maji ambayo Qur'ani imeyaita matwahara.

Majirani wale wamekubali kukutana baada ya sala ya Isha, kabla ya vuli. Juu ya bei ya mabomba bado wanabishana.

Wabillahi tawfiq.