Uwanja wa Shule ni Mali ya Mtoto wa Mfanyakazi

Ndugu wafanyakazi wa migodi, nanyi watu wote wa mji, kuna maneno yanayosemwa siku hizi katika mikutano ya wazazi, nasi hatuwezi kuyaacha yapite bila jibu. Husemwa kwamba kazi ya shule ni kufundisha kusoma, kuandika na kuhesabu, basi. Mpira, kwaya, skauti na maigizo ni mapambo tu, na anayetaka mapambo alipe. Maneno haya yanaonekana kuwa ya akili, kumbe ndani yake mna hila. Anayeyasema hataki mtoto wake mwenyewe akose kucheza na kuimba. Anataka wa kwetu ndio wakose.

Tutazame mambo yaliyotokea hapa hapa mjini, wakati ulipoitwa Elisabethville. Mwaka 1939 mapadri Wabenedikto walioongoza Institut Saint-Boniface waliunda timu ya mpira kwa wanafunzi wao wasiokuwa na nia ya upadri. Wakaiita Saint-Georges, jina la mtakatifu mlinzi wa maskauti. Baadaye ikaitwa Saint-Paul, kisha mapadri wakaiacha mikononi mwa wengine, ikaitwa Englebert. Leo ni TP Mazembe. Imechukua kombe la mabingwa wa Afrika mara 5: mwaka 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015. Desemba 2010, huko Abu Dhabi, ikawa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya kombe la dunia la vilabu. Inter Milan waliwashinda 3-0, lakini dunia nzima iliuliza Lubumbashi iko wapi.

Je, jambo hilo lilizaliwa katika kitabu cha hesabu? Lilizaliwa katika saa zile zinazoitwa leo za bure, kengele ikiisha kulia na madaftari yakiisha kufungwa.

Tena shule hiyo hiyo ilikuwa na mwalimu wa muziki, Joseph Kiwele, mwana wa Katanga. Katika mji huu Padri Anschaire Lamoral alikuwa akiongoza kwaya ya watoto, Petits Chanteurs à la Croix de Cuivre, yaani waimbaji wadogo wa msalaba wa shaba. Kiwele akatunga Misa ya Katanga, akatia nyimbo za watu wetu ndani ya ibada iliyosomwa kwa Kilatini. Mwaka 1960 alikuwa waziri wa elimu katika serikali ya Tshombe, akafariki mwaka 1961. Siasa ya serikali ile si habari yetu leo. Habari yetu ni kwamba sauti ya kwetu iliingia kanisani kwa sababu kwaya ilihesabiwa kuwa kazi ya shule.

Najua wako ndugu watakaonijibu: “Karani, umesahau? Wakoloni walitoa mpira na nyimbo ili vijana wasifikiri mambo ya mshahara.” Sikusahau. Wale waliosifu vijana uwanjani ndio ambao, tarehe 9 Desemba 1941, waliwapiga risasi wafanyakazi wa Union Minière waliokusanyika kwenye uwanja wa mpira wa mji huu kudai mshahara wa kutosha. Hapo aliuawa Léonard Mpoyi, karani kama mimi. Hatuna deni la shukrani kwa mabwana wale.

Lakini tutofautishe nia ya mtoaji na faida ya kitu chenyewe. Kijana aliyekuwa kapteni wa timu alijifunza kugawa kazi na kukubali kushindwa. Aliyeshika feza ya kwaya alijifunza kutoa hesabu mbele ya wenzake. Aliyesimama kuigiza alijifunza kusema bila kutetemeka. Watu wa namna hiyo ndio wanaoweza kuendesha chama cha wafanyakazi na chama cha kuzikana. Tukisema kwamba vitu hivyo ni vya wakoloni, basi tuvitupe, tutakuwa tumewaachia matajiri peke yao.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Mwaka huu shule moja ya dini, ambayo sitaitaja jina, ilitutumia wazazi karatasi. Kwaya bei yake, mpira bei yake, matembezi bei yake, yote mbali na feza ya masomo. Mtoto asiyelipiwa atoke kengele ikilia. Mimi kazi yangu ni hesabu, nikajumlisha: mwenye watoto wanne atachagua kati ya kwaya na unga. Basi wana wa wachimbaji wanasimama nje ya ukuta, wakitazama wenzao kupitia tundu za matofali. Hili ni fundisho kubwa kuliko yote wanayopewa darasani. Wanafundishwa kwamba wao ni watu wa nje.

Wanaoongoza shule za dini wakumbuke asili yao. Wasalesiani walifika mji huu mwaka 1911. Mwanzilishi wao, Don Bosco, aliwakusanya huko Turin vijana maskini, wengi wao wanaojifunza uashi na kazi nyingine za mikono, akawapa mchezo na wimbo pamoja na sala. Hakuanza na wana wa mabwana. Anayemfungia mtoto wa mfanyakazi mlango wa uwanja asilitaje jina la Don Bosco.

Tena tukumbuke sheria. Mobutu alizinyang’anya dini shule zao mwaka 1974, na mwaka 1977 uongozi ukarudishwa kwa mapatano. Kwa hiyo nyingi kati ya shule zinazoongozwa na makanisa ni shule za serikali, yaani za wananchi. Tangu Septemba 2019 masomo ya msingi katika shule za serikali ni ya bure. Ukifungua mlango wa darasa na kutia kufuli kwenye uwanja, umetoa nusu ya haki.

Watauliza: mwalimu anayebaki jioni alipwe na nani? Swali ni la haki, maana mwalimu naye ana njaa. Tazameni sheria ya migodi ya mwaka 2018. Inaamuru kila kampani inayochimba itenge angalau 0.3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wanaoishi karibu. Tena katika kodi ya madini, sehemu 25 kwa mia ni ya jimbo, na 15 kwa mia ni ya utawala wa mahali penyewe. Shaba inatoka chini ya miguu yetu. Je, haiwezi kununua mipira na kinanda, na kumlipa mwalimu mmoja wa nyimbo?

Kwa hiyo tunadai mambo manne.

Kwanza, kiwanja cha shule kisiuzwe wala kukatwa, hata kipande cha nyumba moja.

Pili, mchezo na kwaya viwe sehemu ya masomo, visiuziwe mtoto mmoja mmoja.

Tatu, komite ya wazazi ionyeshwe daftari la feza, na mfanyakazi wa mgodi awe na kiti ndani yake.

Nne, wasichana wasiachwe nyuma. Zamani shule ziliwapa sindano na sufuria, basi. Mwaka 2024 wanawake wa TP Mazembe walichukua kombe la mabingwa wa Afrika. Nani atasema tena kwamba uwanja si wao?

Wazee walisema: samaki mkunje angali mbichi. Ninyi baba mliotoka zamu ya usiku, msiseme mmechoka mkawaachia mama peke yao mkutano wa wazazi. Ninyi mama, msiogope Kifaransa cha direkta, ulizeni kwa Kiswahili. Nendeni mkaulize feza inakwenda wapi, tena msiondoke mpaka jibu liandikwe.

Karani wa mgodi, Kasapa